Naomba ushauri: dampa ya usukani kwa Yamaha R6 ya mwaka 2008, ninunue ipi na niirekebishe vipi?

Mlandizi_600 ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya watu waliowahi kufunga dampa ya usukani, kile kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, kwenye pikipiki za mbio, kwa sababu nimefika mahali ambapo sijui kama kitu ninachotaka kununua ni dawa ya tatizo langu au ni pambo la gharama kubwa.

Nina Yamaha R6 ya mwaka 2008, iliyoingia nchini ikiwa imetumika, na nimekaa nayo miezi minane. Kama mnavyojua, pikipiki hii haikutoka kiwandani na dampa. Mimi hupita zaidi barabara ya Morogoro, kutoka Mbezi hadi Chalinze, Jumapili alfajiri malori yakiwa bado machache, na matatizo ninayoyaona ni mawili.

La kwanza hutokea nikiwa gia ya pili au ya tatu na kufungua mafuta kwa nguvu mahali ambapo malori yamechimba mifereji kwenye lami. Gurudumu la mbele huwa jepesi, na likivuka ukingo wa mfereji usukani hutikisika mara mbili au tatu kulia na kushoto kisha hutulia wenyewe. Wiki mbili zilizopita haukutulia. Nikiwa katika kasi ambayo sitaitaja hapa, kwa kuwa askari wa usalama barabarani nao wana simu, usukani ulipiga huku na huku hadi hendeli ikagonga tangi, na ulipotulia nikaenda kushika breki ya mbele, nikakuta mkono wa breki unazama mpaka karibu na hendeli bila pikipiki kupunguza mwendo. Nilipobonyeza mara ya pili ndipo breki ikashika. Nakiri kwamba jambo hilo la breki lilinitisha kuliko mtikisiko wenyewe.

La pili ni dogo, lakini halikosi siku. Nikiachia mafuta na kulegeza mikono, mwendo unaposhuka kutoka 80 kwenda 60, usukani huanza kutetemeka polepole, na nikiushika hutulia.

Fundi wa karibu na nyumbani amenishauri nifunge dampa na kuikaza hadi mwisho, kwamba hapo yote mawili yatakwisha. Mtandaoni nimeona dampa za rangi ya dhahabu zenye jina la Öhlins zikiuzwa chini ya dola 80 za Marekani, na nyingine zenye jina hilohilo zikiuzwa zaidi ya dola 400. Naomba kujua kama dampa itatibu yote mawili, kwa nini bei zinaachana hivyo, na baada ya kuifunga mtu anaanzia wapi kuirekebisha.

Fundi_wa_Shingo amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa mkasa huo, na ninashukuru kwamba umeueleza kwa mpangilio, maana wengi huandika tu kwamba usukani unacheza, kisha humwachia fundi kazi ya kubahatisha. Hayo uliyoyaeleza ni magonjwa mawili tofauti, na dampa inafaa kwa moja tu kati yake.

Tuanze na lile la kufungua mafuta. Shingo ya R6 yako, yaani pale usukani unapozungukia kwenye fremu, imelala nyuzi 24 kutoka wima, na ukichora mstari kupitia katikati ya shingo hiyo hadi ardhini, utakuta umetua milimita 97 mbele ya mahali tairi linapogusa lami. Kwa hiyo gurudumu la mbele huburutwa nyuma ya mstari wake, kama vigurudumu vya kiti cha ofisini vinavyojigeuza vyenyewe kufuata upande unaokisukuma. Umbali huo wa milimita 97 ndio unaolirudisha gurudumu katikati kila linapopinda. Sasa ukifungua mafuta uzito unahamia nyuma, tairi la mbele linabaki likigusa lami kwa shida, ukingo wa mfereji unalipinda, na uzito unaporudi linakuwa limetua likiwa limeelekea pembeni. Linavutwa kurudi katikati kwa nguvu, linapitiliza, linavutwa tena kutoka upande wa pili, na mchezo huo hurudiwa mara 4 hadi 10 kwa sekunde moja. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kufuata kasi hiyo, na ndiyo maana anayekaza mikono kupambana nao huuongeza badala ya kuuzima, kwa sababu mwili wake wote unakuwa umeunganishwa na usukani.

Dampa ni silinda yenye oili na pistoni yenye tundu dogo. Ukiisukuma taratibu, oili hupita bila shida. Ukiisukuma ghafla, oili haiwahi kupita na fimbo hukataa. Hiyo ndiyo faida yake kwako, kwamba unapogeuza usukani kwa mwendo wa kawaida haikusumbui sana, lakini gurudumu linaporuka upande kwa ghafla hukutana na ukuta. Wazee waliowahi kuendesha pikipiki za Uingereza za kati ya miaka ya 1930 na 1960 watakumbuka kifundo kilichokuwa katikati ya usukani, ambacho ulikizungusha kwa mkono kukaza visahani vya msuguano. Kasoro ya kifundo kile ilikuwa kwamba msuguano haujui kasi: ulikuwa mzito uleule kwenye foleni na kwenye mwendo mkali.

Kuhusu breki, hukuwa na kasoro ya breki. Gurudumu linapotikisika kwa nguvu, diski nazo hutikisika na kuzisukuma pedi zirudi ndani ya kalipa, yaani kibano cha breki, kwa hiyo mbonyezo wa kwanza unatumika kuzirudisha tu pedi mahali pake. Baada ya mtikisiko wowote mkubwa, jizoeze kuugusa mkono wa breki mara mbili kwa wepesi kabla ya kuihitaji breki yenyewe. Hata hivyo kagua kiwango cha oili ya breki na unene wa pedi, ili tusije tukasingizia mtikisiko kosa lisilo lake.

Ugonjwa wa pili, wa kutetemeka mwendo unaposhuka, sio kazi ya dampa kabisa. Ukifunga dampa utetemeko huo utanyamaza, lakini kilichouleta kitabaki kimejificha na kuendelea kuharibika. Kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda hatua kwa hatua.

Pima upepo wa tairi asubuhi pikipiki ikiwa haijatembea. Kitabu cha Yamaha kinataka 36 mbele na 42 nyuma kwa kipimo cha paundi, na usikitegemee kipimo cha kituo cha mafuta, nunua chako. Papasa tairi la mbele kwa kiganja, mbele na nyuma, uone kama vipande vya mpira vimeliwa kwa mabonde. Kisha nyanyua pikipiki kwa mbele, lakini isiwe kwa stendi inayobeba chini ya shokapu, maana hiyo huzibana na kukudanganya. Ibebe kwa shingo au kwa chini ya injini. Shika ncha za chini za shokapu mbili, vuta mbele na sukuma nyuma: ukisikia kugonga, beringi za shingo zimelegea. Halafu zungusha usukani kwa kidole kimoja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukisikia kama unaingia kwenye kijishimo pale katikati, beringi zimeshajichimbia na hazina dawa ila kubadilishwa. Kijishimo hicho ni kidogo sana, ukikitafuta kwa mikono miwili hutakisikia.

Jambo la mwisho ni hili ambalo wanunuzi wa pikipiki zilizotumika hawaulizi. Angalia mirija ya shokapu imetokeza kiasi gani juu ya kibano cha juu kinachoishika, ukipima mrija wenyewe bila kofia yake. Wamiliki waliozipeleka kwenye viwanja vya mbio hupenda kuipandisha ili pikipiki ikate kona haraka. Kwa urefu wa pikipiki yako, ukiipandisha mirija kwa milimita 10, shingo husimama zaidi kwa takriban nyuzi 0.4 na ule umbali wa milimita 97 hupungua kwa milimita 2 hadi 3. Kwa kiwanja laini ni sawa. Kwa mifereji ya Mlandizi, hapana.

Lete majibu ya vipimo hivyo, tutazungumza habari ya kununua.

Kasi_ya_Pwani amejibu:

Ninaheshimu maelezo ya mzee, lakini nadhani tusimcheleweshe mwenzetu kwa vipimo vingi. R6 ni pikipiki nyepesi, ina kilo 188 ikiwa na mafuta, na barabara zetu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mimi yangu ina dampa, imekazwa karibu na mwisho, na kwa miaka mitatu sijaona usukani ukitikisika.

Fundi_wa_Shingo amejibu:

Kaka, sikatai kwamba dampa inamfaa, na mwishoni huenda nikamwambia ainunue. Ninachokataa ni hiyo "karibu na mwisho". Pikipiki ina namna mbili za kuyumba. Ya kwanza ni hiyo ya usukani kupiga, ambayo dampa huizima. Ya pili ni pikipiki nzima kujinyonganyonga kama nyoka, nyuma na mbele kwa pamoja, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, nayo hutokea katika mwendo mkubwa zaidi. Hiyo ya pili dampa haiizimi, na ukiikaza mno unaweza kuizidisha, kwa sababu usukani hauruhusiwi tena kujirekebisha wenyewe. Pia jaribu kupita katikati ya magari hapo Kimara saa kumi na mbili jioni ukiwa na dampa iliyokazwa hivyo, kisha uniambie mabega yanavyosema. Pikipiki hujisimamisha kwa usukani kugeuka kidogokidogo kila wakati, hata kama mwenyewe huoni. Ukiuzuia, unaanza kuyumba katika mwendo wa kutembea kwa miguu.

Mwanadada_Ngong_Road amejibu:

Habari za huko Tanzania. Mimi niko Nairobi, na nimewahi kununua dampa tatu, moja ikiwa bandia, kwa hiyo acheni nizungumzie sehemu ya kununua, ambayo nimeilipia ada.

Nianze na kile kinachoonyesha kwamba dampa si pambo. Mwaka 1997 Suzuki ilitoa TL1000S, pikipiki yenye injini kali ya silinda mbili, na zilipotokea habari za usukani kupiga, kampuni ilizirudisha pikipiki hizo zifungwe dampa. Mwaka 2004 Honda nayo iliweka kwenye CBR1000RR dampa inayoongozwa na kompyuta, ambayo hulegea katika mwendo mdogo na kukaza kadiri mwendo na mchapuko unavyoongezeka. Kwa maneno mengine Honda walikubaliana na mzee hapo juu, kwamba dampa nzuri ni ile isiyokaza muda wote. Sisi tusio na kompyuta inabidi tuchague mahali pamoja pa kuiweka, na ndipo ubora wa kifaa unapoonekana.

Ile yangu bandia ilikuwa na rangi ya dhahabu inayong'aa kuliko ya halali, na kibandiko chenye jina la Öhlins kilichonyooka vizuri. Niliinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ambaye sitamtaja. Kifundo cha kurekebishia kilikuwa kinalia kliki vizuri tu, ila kwa kliki zote fimbo ilikuwa na uzito mmoja. Baada ya wiki sita oili ilianza kutoka kwenye sili, na hapakuwa na vipuri vyake popote, kwa kuwa silinda ilikuwa imefungwa moja kwa moja. Öhlins ni kampuni ya Uswidi iliyoanzishwa mwaka 1976, na dampa zake hufunguliwa, hubadilishwa sili na oili, kisha huendelea na kazi. Hapo ndipo zinapokwenda zile dola zaidi ya 300 za tofauti: kwenye vali inayotii kifundo na kwenye kifaa kinachotengenezeka. Kuna majina mengine mazuri pia, kama Hyperpro ya Uholanzi na Matris ya Italia, usifungwe na rangi ya dhahabu.

Ukiinunua iliyotumika, ambalo si wazo baya, iombe mkononi kabla ya kulipa. Legeza kifundo hadi mwisho, sukuma na vuta fimbo kwa mwendo mrefu, kisha geuza mwelekeo ghafla. Ukisikia nafasi tupu pale unapogeuza, kama hatua ya ngazi iliyokosekana, ndani kuna hewa au oili imepungua. Kaza nusu, rudia, kisha kaza yote na urudie tena, na kila mara uzito uongezeke. Pitisha ukucha kwenye fimbo kutafuta mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo mmoja hula sili kila siku. Mwisho tikisa vile viungo vya duara vilivyo kwenye ncha zake: vikicheza hata kwa nusu milimita, dampa itaruhusu mtikisiko mdogo uanze kabla haijaamka.

Kisha kuna urefu. Usinunue kwa kuangalia picha. Vishikizo vya kufungia dampa vikiwa mahali pake, geuza usukani hadi mwisho wa kushoto, pima umbali kati ya kishikizo cha fremu na cha shokapu, geuza hadi mwisho wa kulia na upime tena, na upime katikati pia, kwa kuwa dampa iliyolazwa kimshazari wakati mwingine hurefuka na kufupika ndani ya mzunguko mmoja. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ndiyo safari ya fimbo unayohitaji, na juu yake ongeza walau milimita 10. Dampa ikiwa fupi, itakuwa ndiyo inayozuia usukani badala ya vizuizi vya fremu, na siku pikipiki ikianguka hata ikiwa imesimama, fimbo itapinda au kishikizo kitang'oa kipande cha fremu.

Kwa gharama, nyongeza za forodha na ile kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 ya kwenu zihesabiwe mapema. Wauzaji wengi hutaja bei ya dampa peke yake, na vishikizo vya R6 huuzwa kando na dampa.

Mlandizi_600 ameandika:

Mzee Fundi, shikamoo. Dada wa Nairobi, asante sana, umeniokoa dola 80. Nimefanya vipimo vyote Jumamosi na ninaleta majibu yake.

Upepo wa mbele ulikuwa 27 badala ya 36. Nilikuwa nikijaza kila wiki, lakini kwa kipimo cha kituo, na nilipokilinganisha na kipimo kipya nilichonunua kilikuwa kinazidisha kwa karibu 8. Tairi la mbele limeliwa kwa mabonde upande wa kushoto. Beringi za shingo hazigongi, lakini kijishimo kipo, na kama ulivyosema sikukisikia hadi nilipotumia kidole kimoja. Mirija ya shokapu, bila kofia, imetokeza milimita 11 zaidi ya ile ya R6 ya jirani yangu ya mwaka huohuo, ambayo haijawahi kuguswa.

Nimeagiza beringi na tairi. Je, baada ya hapo bado ninahitaji dampa?

Fundi_wa_Shingo amejibu:

Marahaba, kijana wangu. Hayo ndiyo majibu niliyoyategemea, ingawa sikutegemea yote kwa wakati mmoja.

Badilisha beringi na vikombe vyake vyote viwili, cha juu na cha chini, usimkubali fundi atakayekuambia kwamba kikombe cha chini bado kizima. Wakati wa kukaza nati ya shingo fuata namba za kitabu kwa spana ya kupimia nguvu, kwanza kukaza sana ili beringi zikae, kisha kulegeza, kisha kukaza kidogo. Nati ikikazwa mno usukani unakuwa mzito na pikipiki inatangatanga barabarani, na mwenye dampa ataidhania dampa. Shusha mirija ilingane na ya jirani yako. Endesha hivyo wiki mbili bila dampa. Utetemeko wa mwendo unaposhuka ukiisha, ugonjwa wa pili umepona, na kile kitakachobaki kwenye mifereji ndicho kazi halali ya dampa.

Kama mtikisiko huo utabaki hata kidogo, nunua. Hapo nakubaliana na kaka wa Pwani.

Kasi_ya_Pwani amejibu:

Nashukuru, mzee. Na mimi nimelegeza yangu jana kwa kliki sita, nikaona kweli kwamba nilikuwa nikipigana na pikipiki kwenye kona za polepole bila kujua.

Ningependa kuuliza kuhusu zile dampa za kuzunguka, zinazokaa juu ya shingo badala ya ubavuni. Nimeambiwa ni bora zaidi.

Mwanadada_Ngong_Road amejibu:

Ya tatu niliyonunua ni ya namna hiyo. Uzuri wake ni kwamba haina fimbo ya kupinda wala ya kukwaruzwa na vumbi, na kifundo kiko mbele ya macho yako, kwa hiyo unaweza kuibadilisha ukiwa umesimama kwenye taa. Zinatofautiana ndani, na hapa ndipo watu hununua wasichokitaka. Ile ya Scotts, inayotengenezwa na Öhlins, hukaza gurudumu linapotoka katikati na huliachia lirudi bure, halafu ina marekebisho ya ziada kwa mipigo ya ghafla. Ya GPR hukaza pande zote mbili, kwenda na kurudi. Kwa mtu wa mashambani na mchanga ile ya kwanza inapumzisha mikono. Kwa lami mimi naona ya pili huhisiwa vizuri zaidi, ila hayo ni ya mkono wangu. Angalieni tu kwamba kishikizo chake kwenye R6 huchukua nafasi juu ya kibano cha juu, na baadhi yake huhitaji kugusa nati ya shingo, kwa hiyo kazi yote ya beringi aliyoieleza mzee hurudiwa.

Mlandizi_600 ameandika:

Wakuu, zimepita wiki saba na naona ni haki nirudi kueleza.

Beringi, tairi, upepo na mirija vilipowekwa sawa, utetemeko wa kati ya 80 na 60 ulitoweka siku ileile. Nilipita sehemu zangu zote za mifereji bila dampa, na usukani uliruka mara moja tu, kwa mpigo mmoja, kisha ukarudi. Nilidhani nimemaliza. Jumapili iliyofuata, baada ya mvua kuchimbua lami karibu na Chalinze, ulipiga mara tatu, nikaamua kununua. Nimepata Öhlins ya ubavuni iliyotumika kutoka kwa mtu aliyeuza R6 yake, nikaikagua kama dada alivyoelekeza, nikakuta sili inaanza kulowana, akapunguza bei nami nikaipeleka kubadilishwa sili na oili kabla ya kuifunga.

Kuifunga kulichukua saa nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za kuisogeza. Mara ya kwanza fimbo ilikuwa inafika mwisho upande wa kulia kabla ya kizuizi cha fremu. Nilipoisogeza ikawa inagusa mpira wa breki. Kibano cha kwenye mrija wa shokapu nilikikaza kwa kiasi tu, kwa kuwa niliambiwa kwamba kikikazwa mno huubana mrija na shokapu hukwama. Mwishowe imebaki milimita 6 kila upande, na mkono wa mafuta haujivuti usukani unapogeuzwa hadi mwisho injini ikiwa inawaka.

Naomba sasa maelekezo ya kuirekebisha. Ina kliki 16 kwa hesabu yangu.

Fundi_wa_Shingo amejibu:

Hesabu yako uifanye kutoka upande mmoja tu na uiandike, kwa sababu watu wawili wanaosema "kliki nane", mmoja akihesabu kutoka kwenye ulegevu na mwingine kutoka kwenye ugumu, hawaelewani kamwe. Mimi huhesabu kutoka mwisho wa kukaza, kwa kuwa mwisho wa kulegea mara nyingi haueleweki vizuri kwa vidole. Kaza taratibu hadi kifundo kigome, usilazimishe, kisha rudi nyuma ukihesabu.

Anza ikiwa imelegezwa yote, yaani kliki 16 kutoka mwisho. Nyanyua mbele, weka usukani katikati, usukume kidogo kwa kidole na uuache. Unapaswa kuanguka wenyewe hadi upande mmoja kwa uzito wake, taratibu, bila kusimama njiani. Ukisimama njiani hata dampa ikiwa imelegezwa yote, kuna kinachobana: beringi, nyaya, au vishikizo vilivyopindana. Linganisha kulia na kushoto pia. Upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, dampa haijalala vizuri, kwa sababu inatakiwa ikaribie pembe mraba na mkono unaoisukuma pale usukani unapokuwa katikati.

Kisha endesha katika mwendo wa kutembea kwa miguu, zunguka kwenye eneo la wazi kama unatafuta mahali pa kuegesha. Ongeza kliki mbili mbili. Siku utakapojihisi unalazimisha usukani kwenye mzunguko huo, umepita mpaka wako. Rudi kliki mbili. Huo ndio ukomo wa juu kwa matumizi ya mjini, na ndani ya ukomo huo ndipo unapotafuta kwa ajili ya mifereji, ukienda barabara ileile, gia ileile, na kubadilisha kliki moja au mbili kwa kila safari. Usibadilishe upepo wa tairi siku hiyohiyo, utachanganyikiwa.

Fanya kazi hiyo dampa ikiwa imepata joto. Kwa jua letu, pikipiki iliyoegeshwa nje saa saba mchana oili yake huwa nyepesi, na kile ulichokipima alfajiri kitaonekana kimelegea. Watu hukaza mchana, kisha kesho yake asubuhi wanashangaa usukani umekuwa mzito.

Fimbo ifute kwa kitambaa safi kila unaporudi, hasa ukipita palipo na ujenzi wa barabara.

Mlandizi_600 ameandika:

Nimefuata maelekezo, mzee. Mpaka wangu wa mjini ulikuja kliki 8 kutoka mwisho wa kukaza, na kwenye mifereji nimetulia kwenye 10. Kwenye 12 usukani ulikuwa bado unaruka mpigo mmoja na nusu, kwenye 10 unashtuka tu na kuacha. Nilijaribu 4 kwa udadisi, nikaijaribu kwenye foleni ya Mbezi, na nikarudi nyumbani na maumivu ya viganja.

Mkono wa breki haujazama tena, ingawa bado ninaugusa mara mbili kila ninapovuka ule ukingo wa mfereji pale Chalinze.